Peter Cameron Scott: Mwimbaji Aliyeshuka Ngazi



Tulipoanza kuandaa kijitabu hiki cha jubilei ya miaka 50 ya kwaya yetu, wazee wa kanisa walituomba tuandike kurasa chache kuhusu mtu aliyetutangulia katika imani. Wengi wetu tulidhani wangetaja mmoja wa waalimu wetu wa kwanza wa kwaya. Jina walilotupa ni Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, misheni iliyozaa kanisa letu la AIC.

Tulishangaa kidogo. Scott hakuwahi kukanyaga udongo wa Kericho wala wa Bomet. Alifariki mwaka 1896, kabla reli haijafika bara, na kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa Kenya. Mashamba haya ya kijani tunayopita kila asubuhi yalikuwa bado msitu na malisho ya ng'ombe.

Jumamosi moja baada ya mazoezi tulikaa tukasomeana habari zake. Tulipofika mwisho, dada mmoja wa sauti ya pili aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu upesi. Aliuliza Scott alijuaje kwamba aliyesema naye ni Mungu, na kwamba hayakuwa mawazo yake mwenyewe. Tena, hata kama alijua, alipata wapi nguvu ya kuinuka na kwenda?

Swali hilo halikuwa la Scott peke yake. Wengi wetu tumewahi kuhisi Mungu akituonyesha jambo, tukakaa nalo kimya miaka mingi. Kwa hiyo tumeyaandika maisha yake tukiwa na swali hilo mkononi.

Kijana mwenye sauti

Scott alizaliwa Glasgow, nchini Uskoti, mwaka 1867. Alipokuwa bado mvulana wazazi wake walihamia Marekani, wakafanya makao katika mji wa Philadelphia. Walikuwa Wakristo wenye msimamo, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya sala.

Peter alikuwa na sauti nzuri. Alifundishwa kuimba na mwalimu Mwitaliano, na moyo wake ukavutwa na opera, yaani michezo ya jukwaani ambayo huimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wazazi wake hawakupenda njia hiyo, lakini kijana aliye na kipawa na mwalimu wa kumsifu hazuiliki kwa urahisi. Sisi wanakwaya tunalijua jambo hilo. Kuna raha katika kusikia sauti yako ikijaza jumba, na kuona watu wakinyamaza kwa ajili yako.

Siku moja alikwenda kwenye jumba la opera kwa sababu walikuwa wakitafutwa waimbaji. Hawakutafutwa waimbaji wakuu. Walitakiwa waimbaji wa kundi, yaani wanakwaya kama sisi. Alipokuwa akipanda ngazi za jumba hilo, swali lilimjia moyoni kwa nguvu: je, maisha yake angeyatoa kwa kutafuta sifa zake mwenyewe au kwa kumtukuza Mungu? Alisimama. Kisha akageuka, akashuka zile ngazi, akaenda zake.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Scott hakuona malaika, wala hakuambiwa habari za Afrika au za Ukambani. Alipewa swali moja lililohusu hatua iliyokuwa mbele yake, na jibu lake lilikuwa kugeuza miguu. Mengine yote yalikuja baada ya hapo. Kama angebaki kwenye ngazi akisubiri aonyeshwe ramani nzima, pengine angekuwa anasubiri hadi leo.

Wala tusielewe kwamba Mungu anachukia uimbaji. Kama ingekuwa hivyo, leo tusingekuwa na jubilei. Swali lilikuwa sauti ile ni ya nani. Sisi nasi huulizwa swali hilo kila tunapopanda jukwaani, hasa siku tunaposhangiliwa sana.

Kaburi la Kongo

Baada ya kushuka ngazi, Scott aliingia chuo cha wamishenari cha Mchungaji A. B. Simpson huko New York. Mwezi wa Novemba 1890 aliwekewa mikono, na mara akapanda meli kwenda Afrika ya magharibi. Mwanzoni mwa mwaka 1891 alifika Kongo. Miezi michache baadaye ndugu yake John alimfuata, na wote wawili wakawa katika kazi moja.

Furaha hiyo haikudumu. John alishikwa na homa akafa. Hapakuwa na fundi wala wa kusaidia mazishi, kwa hiyo Peter mwenyewe aligonga mbao za jeneza, akachimba kaburi, akamzika ndugu yake kwa mikono yake.

Tusikimbie mahali hapa. Mtu aliyetii wito akaishia kuchimba kaburi la ndugu yake ana haki ya kuuliza kama alisikia vizuri. Wengi wetu tungesema kwamba mlango umefungwa, na kwamba Mungu ametuonyesha kwa njia hiyo kuwa tulikosea. Habari za Scott zinasema kwamba pale pale kando ya kaburi alijitoa upya kwa Mungu kwa ajili ya Afrika. Hakupewa maelezo ya kwa nini John alikufa. Alilia kama mtu yeyote aliyefiwa, lakini hakuubatilisha wito kwa sababu ya msiba.

Kisha mwili wake nao ukashindwa. Homa ilimdhoofisha hata ikabidi arudi Uingereza mwaka 1892. Aliondoka Kongo akiwa mgonjwa, amefiwa, na kazi yake huko imekatika.

Kaburi la London

Alipokuwa akipata nafuu alikwenda London, akaingia katika kanisa kuu la Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme na watu mashuhuri. Humo limo kaburi la David Livingstone. Juu ya jiwe lake yamechongwa maneno ya Bwana Yesu katika Yohana 10:16, kuhusu kondoo walio nje ya zizi ambao mchungaji hana budi kuwaleta. Scott alipiga magoti kando ya jiwe hilo, akayasoma. Aliondoka hapo akiwa ameazimia kurudi Afrika, hata kama ingegharimu maisha yake.

Hapa tunapenda kuwakumbuka watu ambao mara nyingi husahauliwa. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika, Chuma na Susi pamoja na wengine, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mabegani kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Hakuna aliyewatuma. Kama wangeuacha mwili msituni, wala hakuna mtu ambaye angewalaumu, lisingekuwapo kaburi London, na Scott asingekuwa na mahali pa kupiga magoti. Utii wa watu hawa ambao kwa wengi walikuwa wapagazi tu ulimfungulia njia mtu ambaye hawakumjua.

Katika maombi, Scott aliona picha ya kazi kubwa: mlolongo wa vituo vya Injili kuanzia pwani ya mashariki, kupita bara, hadi Ziwa Chad. Wakati ule wamishenari wengi walikaa karibu na pwani, na watu wa bara walikuwa hawajafikiwa.

Sasa tunakaribia jibu la swali la dada yetu. Scott hakutoka London akakimbilia bandarini. Alirudi Philadelphia akalipeleka jambo lake mbele ya watu wazima katika imani, miongoni mwao Mchungaji A. T. Pierson na Charles Hurlburt. Walimsikiliza, wakaomba pamoja naye, na mwaka 1895 baraza likaundwa la kuisimamia kazi hiyo. Kutoka kugeuka kwake kwenye ngazi hadi siku ya kuondoka kwa ajili ya Afrika ya mashariki ilipita miaka kadhaa, na katika miaka hiyo lile jambo halikupoa moyoni mwake. Lilistahimili ugonjwa, msiba na maswali ya wazee.

Miezi 14

Mwezi wa Agosti 1895 kundi la watu wanane waliondoka New York. Pamoja na Scott alikuwapo dada yake Margaret na kijana mmoja, Willis Hotchkiss, ambaye tutamtaja tena. Mwezi wa Oktoba walifika pwani yetu. Reli ilikuwa bado haijajengwa, na Nairobi haikuwa mji. Walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, wakipita nyika kavu, hadi Nzaui katika Ukambani. Huko ndiko walikoanzisha kituo cha kwanza mwezi wa Desemba.

Ndani ya mwaka mmoja vilikuwa vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Walijenga nyumba, wakaanza kujifunza Kikamba, wakafungua madarasa, wakatibu wagonjwa. Scott alitembea kati ya vituo hivyo bila kupumzika. Katika mwaka huo mmoja alitembea zaidi ya kilomita 4,000. Wazazi wake, ambao walikwisha kumtoa mwana mmoja huko Kongo, nao walikuja mwaka 1896 pamoja na binti yao Ina ili wamsaidie.

Tarehe 4 Desemba 1896 Peter Cameron Scott alifariki kwa homa kali ya malaria ambayo huharibu damu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Tangu afike ilikuwa imepita miezi 14 tu.

Baada yake wengine nao walikufa, na wengine wakarudi kwao wakiwa wagonjwa. Ukame na njaa kubwa viliipiga Ukambani. Ilifika wakati ambapo katika lile kundi la kwanza alibaki Hotchkiss peke yake. Kama ungepita Nzaui siku hizo, ungeona makaburi, ungesema ndoto ya yule kijana wa Philadelphia ilikuwa ndoto tu.

Tuseme na jambo lingine kwa heshima. Wapo wanaouliza kama Scott hakwenda kwa haraka mno, vituo vinne kwa mwaka mmoja, mwili ambao Kongo ilikuwa imeudhoofisha, na safari zisizo na kipimo. Sisi tunaona ni swali la haki. Ni kweli pia kwamba wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeleta malaria. Daktari Ronald Ross aligundua jambo hilo akiwa India mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Scott. Lakini kuonyeshwa jambo na Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kupumzika, kula na kusikiliza mwili wake. Tunaweza kumheshimu mtumishi wa Mungu bila kuiga kila alichofanya.

Mbegu iliyofika kwetu

Hotchkiss, yule aliyebaki, alikuwa na tabu yake. Alikuwa akitafuta neno la Kikamba la kumwita Yesu Mwokozi, na kwa muda mrefu hakulipata. Jioni moja wakiwa wameketi karibu na moto, alisikia masimulizi ya mtu aliyeokolewa kutoka kwa simba, na katika masimulizi hayo neno likatokea lenyewe. Aliruka kwa furaha. Miaka ya kungoja ilikuwa imemletea neno moja, na neno hilo lilikuwa kiini cha habari yote.

Baadaye Hotchkiss alirudi Kenya. Mwaka 1902 alikuwa pamoja na wenzake wawili walioanzisha misheni ya Wakwekeri kule Kaimosi. Halafu reli ilipokwisha kufunguliwa, alikuja hapa kwetu, kwa watu wa Kipsigis, ambao wakoloni waliwaita Lumbwa. Akaanzisha misheni iliyofundisha Injili pamoja na kazi za mikono. Kazi yake ndiyo iliyotangulia kazi ya Tenwek, ambako katika miaka ya 1930 misheni nyingine ya Marekani iliipokea na kuiendeleza. Ndugu zetu wa Africa Gospel Church, ambao kwaya zao zimekuja leo kusherehekea nasi, wanaijua historia hiyo vizuri kuliko sisi.

Na misheni ya Scott yenyewe haikufa Nzaui. Charles Hurlburt, mmoja wa wale waliomsikiliza Philadelphia, alichukua uongozi akaja Kenya mwaka 1901 pamoja na mkewe na watoto wao. Mwaka 1903 makao makuu yakawekwa Kijabe. Kazi ilivuka hadi Tanganyika mwaka 1909, ikaingia Kongo mwaka 1912, nchi ile ile ambayo Scott alimzika ndugu yake. Katika miaka ya 1920 ikafika Litein, katikati ya nchi yetu ya chai. Mwaka 1943 kanisa lililozaliwa na kazi hiyo lilichukua jina la Africa Inland Church. Leo kule Machakos kipo chuo kikuu cha Kikristo chenye jina la Scott.

Yeye hakuona hata kimoja cha vitu hivi. Wengi wa wanakwaya wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliobatizwa Litein au waliotibiwa Tenwek. Kutoka kwenye zile ngazi za Philadelphia hadi jukwaa letu la leo kuna mstari, ingawa unapita kwenye makaburi mengi.

Swali la dada yetu

Basi alijuaje? Baada ya kuyafuata maisha yake, tunaweza kusema machache.

Kwanza, kilichomjia kilimgharimu yeye mwenyewe. Siku hizi tunasikia watu wengi wakisema Mungu amewaonyesha, na mara nyingi walichoonyeshwa kinamtaka mtu mwingine atoe. Scott aliambiwa aache alichokipenda, akakiacha. Alipoonyeshwa Afrika, alikwenda yeye.

Pili, lilikubaliana na Neno. Maneno aliyoyasoma kwenye jiwe yalikuwa katika Biblia tangu zamani, na aliyajua. Siku ile yalimpata.

Tatu, hakulificha kwa wazee wake. Jambo la kweli haliogopi kuulizwa.

Nne, lilingoja bila kufa. Msisimko wa mkutano huisha tukirudi nyumbani na kukuta ng'ombe hajakamuliwa. Lake lilipita Kongo likabaki.

Na nguvu ya kwenda aliipata wapi? Tunavyoona, hakuipata yote kwa mara moja. Alipewa ya kushuka ngazi. Kisha akapewa ya kuchimba kaburi, kisha ya kupanda meli tena. Mwenzetu mmoja anayechuma chai alitufafanulia vizuri kuliko sisi tungeweza. Alisema mchumaji akisimama juu ya kilima akilitazama shamba lote alfajiri, atarudi kulala. Huanza na mche ulio mbele yake, na kikapu hujaa.

Sasa tunakuja kwa kwaya yetu. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukisema kwamba Mungu ameweka mioyoni mwetu kwenda kuimba na kuomba pamoja na wafungwa wa gereza la Kericho. Tumeliombea jambo hilo katika mikesha. Wazee wamelibariki. Kila mwaka tumeliahirisha, mara tukingoja sare mpya, mara tukingoja kurekodi, mara tukingoja bonasi itoke. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaogopa. Hatukujua tungewaambia nini watu wale, na baadhi yetu tuna jamaa zetu ndani ya kuta hizo ambao hatujawahi kwenda kuwaona.

Kuandika kurasa hizi kumetuondolea udhuru. Tumekubaliana kwamba Jumamosi ya pili baada ya jubilei hii tutakwenda, wenye sare na wasio na sare, hata kama tutakuwa wanane tu kama lile kundi la mwaka 1895. Atakayependa kwenda nasi, awe mwanakwaya au asiwe, ampe katibu jina lake leo kabla ya kuondoka uwanjani.

Na wewe ndugu au dada unayesoma, kama kuna jambo ambalo Mungu amekuonyesha na umelifunga moyoni, limwambie mmoja wa wazee wako wiki hii. Huenda hutaona matunda yake. Scott hakuyaona, na Chuma na Susi hawakujua kwamba mtu angepiga magoti kwenye kaburi walilolifanya liwezekane. Lakini sisi tunaimba leo kwa sababu walikwenda.